Kijana Aliyepiga Kila Kitu: Uchambuzi wa Kisa cha Mpigaji wa Besiboli

Maelezo ya awali

Kisa hiki kinamhusu kijana wa miaka 16, mpigaji wa mkono wa kulia katika timu ya besiboli ya shule moja ya sekondari, katikati ya Marekani. Nitamwita Musa. Jina la shule, mji, mwaka na majina ya makocha nimeyaacha, na mambo machache yanayoweza kuitambulisha familia nimeyabadilisha. Yeye na wazazi wake waliyasoma maelezo haya kabla hayajatoka. Baba yake aliomba sentensi moja iondolewe, nayo imeondolewa. Mimi nilikuwa kocha msaidizi wa kujitolea, kazi yangu wapigaji.

Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu wazazi wengi wa kwetu huku wanakaa pembeni ya uwanja wakishangilia mchezo ambao hakuna aliyewahi kuwaeleza. Na siyo huku peke yake. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walifika fainali za dunia za Little League, ligi ya besiboli ya watoto, kule Williamsport, Marekani, timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza pale. Makocha wa Afrika Mashariki wanaofundisha kwa vifaa vichache wataona kwamba karibu kila tulichofanya hapa hakikuhitaji pesa.

Kazi ya mpigaji, kwa asiyeijua

Mrushaji anasimama mita 18.44 kutoka bamba la nyumbani, lililo ardhini pale mpigaji anaposimama. Akishapiga hatua na kunyoosha mkono, mpira unamtoka kiganjani ukiwa umebakiza kama mita 17. Mrushaji hodari wa sekondari anarusha kilomita 130 kwa saa, na kwa kasi hiyo mpira unafika katika muda usiotimia nusu sekunde. Kuzungusha gongo kwenyewe kunakula kama sehemu ya saba ya sekunde. Kinachobaki ndicho cha kuamulia: huu ni wa kasi au wa kupinda, utapita juu ya bamba lenye upana wa sentimita 43 au pembeni yake, nipige au niache.

Aliyekulia karibu na viwanja vya kriketi vya Mombasa au Dar es Salaam anaweza kudhani anaujua mchezo huu. Ipo tofauti moja kubwa. Mpigaji wa kriketi anaweza kuuacha mpira upite pembeni ya vijiti vyake mara nyingi atakavyo. Wa besiboli anahesabiwa. Mpira ukipita ndani ya eneo la straiki, yaani juu ya bamba, kati ya magoti na kifua hivi, naye akauacha, ni straiki. Akizungusha gongo akaukosa, popote ulipokuwa, ni straiki. Zikifika tatu, ametoka. Ukipita nje ya eneo naye akauacha ni boli, na boli nne zinampa bure besi ya kwanza, kituo cha kwanza katika mzunguko wa uwanja. Kwa hiyo kuacha mpira nako ni kupiga, kwa namna yake, na kuna malipo.

Ted Williams, mpigaji wa Boston katika ligi kuu ya Marekani, alimaliza msimu wa 1941 na wastani wa .406, yaani hiti (pigo linalomfikisha mpigaji salama kwenye besi) nne hivi katika kila zamu kumi. Baadaye aliligawa eneo lake la straiki katika nafasi 77, kila moja ukubwa wa mpira, akaipa kila nafasi makadirio ya wastani ambao angeupata kwa kupiga mipira ya pale tu. Katikati aliweka .400. Pembe ya chini ya upande wa nje, ulio mbali na mwili wa mpigaji, .230. Mtu yuleyule, gongo lilelile, na karibu nusu ya thamani yake imepotea kwa sababu ya mahali mpira ulipopita. Makocha wengi wameiona picha hiyo ukutani. Wanaoijengea mazoezi ni wachache.

Musa

Alizaliwa kambini mkoani Kigoma kwa wazazi waliotoka Kivu, akaja Marekani akiwa mtoto wa shule ya msingi. Mpira alioujua ni wa miguu. Gongo alilishika mara ya kwanza akiwa na miaka 12, umri ambao wenzake wengi wameshacheza miaka sita au saba. Alikuwa na mbio, mikono ya haraka, na jicho la kijana aliyezoea kukimbilia mpira uliopigwa mbali. Baba yake anafanya kazi usiku katika kiwanda cha nyama, mama yake anafanya usafi katika hospitali.

Msimu wake wa kwanza alikuwa timu ya pili, na alipiga vizuri sana. Warushaji wa ngazi ile wana mpira wa kasi usio na kasi kubwa, na mpira wa kupinda ambao mara nyingi unaangukia kwenye vumbi kabla ya bamba. Ukisimama pale na kupiga kila kinachokaribia, unafanikiwa. Hakuna aliyemuuliza Musa swali gumu, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba hana jibu. Mwaka uliofuata alipandishwa timu ya kwanza.

Mambo yalivyokwenda

Msimu wa sekondari huku unaanza mwishoni mwa Machi, baridi bado ipo. Katika mechi ya pili, nyuzi kama 5 za joto, besi zote zimejaa wenzake na watu wawili wametoka, Musa alisimama akiwa na straiki mbili. Mrushaji akarusha mpira wa kupinda ulioonekana kwenda nje, ukarudi ukakata pembe ya bamba. Musa hakuupiga. Mwamuzi akaita straiki ya tatu, akawa mtu wa tatu kutoka, na nafasi ya timu kupiga ikaisha. Alipofika benchi, kocha mkuu alimwambia mbele ya wote kwamba katika timu hii mtu hatoki akiwa amesimama kama mlingoti, anatoka akiwa anapiga. Wenzake wakacheka, na kwa siku kadhaa wakawa wanamwigiza akiwa ameganda.

Kocha yule si mtu mbaya. Maneno yale husemwa katika kila uwanja wa besiboli nchini, na kwa wachezaji wengi hupita tu. Kwa Musa hayakupita.

Kuanzia siku hiyo alipiga kila kitu. Mipira ya kichwani alipiga, ya kwenye vifundo alipiga. Baada ya mechi tisa alikuwa na hiti mbili katika zamu zinazokaribia thelathini, hakuwahi kupewa besi ya bure hata mara moja, na jina lake lilikuwa limeteremshwa hadi nafasi ya tisa, ya mwisho, katika mpangilio wa wapigaji. Ukame wa aina hii humpata kila mpigaji, hata wa ligi kuu. Kilichoufanya wa Musa uwe mgumu ni wingi wa waliojitokeza kumsaidia.

Baba yake alichukua zamu ya ziada kiwandani ili alipie mwalimu binafsi wa upigaji. Mwalimu, ambaye ni mtaalamu wa kweli, aliona miguu imekaa vibaya akaibadilisha, kisha akashusha mikono. Kocha mkuu alipoona mikono imeshuka akamwambia aipandishe. Usiku Musa aliangalia video kwenye simu, na kila video ilikuwa na dawa yake: goti, kiwiko, nyonga, kisigino. Mama alimpeleka kwenye maombi, na baadhi ya waumini wakaanza kunong’ona kwamba mtoto amefungwa na watu.

Nilimkuta siku moja baada ya mazoezi, amekaa peke yake kwenye kizimba cha nyavu. Nikamuuliza anawaza nini akishasimama mbele ya mrushaji. Akaanza kunihesabia kwa vidole: upana wa miguu, uzito nyuma, goti la mbele, mikono ilipo, kiwiko, kichwa kisicheze.

“Na mpira?” nikauliza.

“Mpira upi, kocha?”

Tulichoamua, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa kuacha. Mpaka msimu uishe, hakuna mtu atakayegusa namna anavyozungusha gongo, awe mwalimu, kocha, au video. Mwendo wa mwili unaobadilishwa unapitia kwanza kipindi cha kuharibika. Majira ya baridi una miezi ya kuuharibu na kuutengeneza. Katikati ya msimu una siku mbili kabla ya mechi ijayo. Kocha mkuu alikubali haraka, nadhani kwa sababu alikuwa ameshachoka. Aliyebaki alikuwa baba, na kwake nilikwenda nyumbani, Jumapili baada ya ibada.

“Karibu, ndugu. Mtoto ana tatizo gani hasa?”

“Baba Musa, mwalimu yule anaijua kazi yake. Ila kijana sasa anasikiliza watu wanne kwa wakati mmoja.”

“Kwa hiyo pesa yangu nimeitupa?”

“Hujaitupa. Aliyofundishwa tutayarudia msimu ukiisha, kwa utulivu. Sasa hivi tunaomba asiende.”

Alinyamaza kidogo, akasema: “Sawa, ninyi ndio mnaoona. Ila msimchezeshe kwa huruma.”

Mama alikuwa jikoni akisikiliza. Naye akatoka na lake: “Kocha, sisi tunaomba, wewe fundisha.” Nililipenda neno hilo. Maombi hayakuwa yanamharibia Musa chochote. Minong’ono ya kufungwa ndiyo iliyokuwa inamwongezea mzigo, na mama mwenyewe aliikomesha.

Siku hiyohiyo tuliafikiana jambo jingine. Kila jioni baada ya mechi swali la kwanza nyumbani lilikuwa, “Umepiga ngapi?” Swali la upendo, lakini jibu lilikuwa sifuri karibu kila siku. Baba alikubali kutouliza habari za besiboli mpaka kijana awe amekula, na akiuliza, aulize ameona nini.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuandika. Mchezaji mwenzake mmoja alikuwa ameteguka kifundo, anakaa benchi bila kazi. Tukampa daftari. Kila mpira aliorushiwa Musa aliuandika: hesabu ya boli na straiki ilikuwa ngapi, mpira wa aina gani, ulipita wapi, Musa alifanya nini. Baada ya mechi nne daftari lilionyesha kitu ambacho macho peke yake yalikuwa hayajakionyesha. Mipira iliyopita katikati na upande wa ndani, kuanzia pajani hadi mkandani, Musa alipoipiga aliipiga kwa nguvu. Miwili ilikwenda moja kwa moja kwenye glavu za wapinzani, ikahesabika kuwa amefeli. Ila mipira ya namna hiyo ilikuwa michache. Sehemu kubwa ya nguvu zake zilimalizikia kwenye mipira ambayo angeiacha ingekuwa boli, hasa ule wa kupinda unaoanza kama utapita katikati kisha unateleza chini, nje. Na mpira wa kwanza wa kila zamu aliupiga karibu kila mara, popote ulipo. Warushaji walikuwa wameshalijua hilo, na mrushaji anayejua utapiga uchafu hana sababu ya kukupa kizuri.

Kwa maneno mengine, mikono iliyokuwa inatengenezwa na watu wanne haikuwa na ugonjwa. Uamuzi ndio uliokuwa mgonjwa, na uliugua siku ile ya besi zilizojaa.

Tatizo la uamuzi halitibiwi kwa kumwambia mtu “chagua mipira mizuri.” Kila mpigaji anajua achague mipira mizuri. Jicho linapaswa kufanyiwa mazoezi kama miguu inavyofanyiwa. Warushaji wetu walipokuwa wakijinoa pembeni ya uwanja, Musa alisimama mahali pa mpigaji, helmeti kichwani, gongo mkononi, na marufuku ya kulizungusha. Kabla mpira haujagonga glavu ya mdakaji, anayeupokea nyuma ya bamba, alitakiwa kutamka mambo mawili kwa sauti: aina ya mpira, na kama ni straiki au boli. Mdakaji akamjibu ndiyo au la. Siku za mwanzo alitamka mpira ukiwa umeshadakwa. Kisha akaanza kuwahi lakini anakosea, kila mpira wa kupinda anauita straiki. Polepole akaanza kuuona mzunguko wa nyuzi nyekundu za mshono wa mpira ukitoka mkononi, na mwisho akawa anabishana na mdakaji, jambo lililonifurahisha kuliko alivyojua.

Zoezi hili si jipya. Edgar Martínez wa Seattle, aliyekuwa na tatizo la macho kutotazama pamoja, alifanya mazoezi ya kusoma namba zilizoandikwa kwenye mipira ya tenisi iliyomjia kwa kasi kutoka kwenye mashine, na alikuwa miongoni mwa wapigaji bora wa kizazi chake. Sisi hatukuwa na mashine hiyo. Tulikuwa na warushaji watatu waliokuwa wanarusha kila siku hata hivyo.

La tatu lilileta ubishi. Mazoezi ya timu yalikuwa ya kupiga mipira ya kasi mingi mfululizo, kasi moja, mahali pamoja. Mtu anajipata, sauti ya gongo inakuwa tamu, kila mmoja anaondoka ameridhika. Nikaomba kwa Musa mipira ichanganywe: wa kasi, wa kupinda, wa kupunguza kasi, bila kumwambia upi unakuja. Kocha mkuu alitazama siku moja akasema kijana anazidi kuharibika. Na kweli alionekana hovyo. Lakini mwaka 1994 ulichapishwa utafiti wa wachezaji 30 wa chuo kimoja huko California. Katika kila kipindi cha mazoezi ya ziada, kundi moja lilipewa mipira 45 kwa mafungu, 15 ya kila aina. La pili lilipewa mipira hiyohiyo ikiwa imechanganywa. La tatu halikupewa ziada. Baada ya wiki sita waliochanganyiwa walikuwa wamepanda kwa asilimia 57 hivi, wa mafungu 25, wasio na ziada 6. Nilimweleza kocha. Hakusema amekubali. Alisema nifanye ninavyotaka, lakini kwa Musa tu.

Mengine yalikuwa mepesi. Kabla ya straiki mbili, Musa aliwinda eneo moja tu, lile la daftari: katikati na ndani, pajani hadi mkandani. Mpira mwingine wowote, hata uwe straiki, aliuacha. Akifika straiki mbili anapandisha mikono kidogo kwenye mpini wa gongo na kazi inakuwa kugusa, hata ukienda pembeni ya mstari. Na kwa kipimo, tuliacha kuangalia wastani. Kila zamu tuliipa alama ya ndiyo au hapana: amepiga kwa nguvu, au amepata besi bure, au amemsogeza mwenzake, au amemfanya mrushaji arushe mipira sita au zaidi. Ukiwa na zamu tatu kwa mechi, wastani unaruka juu na chini kwa bahati tu, na kijana anayeutazama kila usiku anajifunza hofu.

Kisha pumzi. Ken Ravizza, mwanasaikolojia wa michezo aliyefundisha miaka mingi katika chuo cha Cal State Fullerton, aliwazoesha wapigaji kuchagua kitu kimoja uwanjani, kwa mfano nguzo ya pembeni, wakitazame na kuvuta pumzi kabla ya mpira unaofuata. Ichiro Suzuki, mpigaji maarufu kutoka Japani, naye alinyoosha gongo kuelekea kwa mrushaji na kuvuta mkono wa fulana, kila mpira, miaka yote. Musa alichagua alama ya jina la kiwanda iliyochomwa kwa moto kwenye gongo lake la mbao la mazoezi. Kwenye gongo la mechi, ambalo ni la chuma, tukabandika utepe mweupe mahali palepale. Anatoka nje ya boksi, ile mistari iliyochorwa mahali pa mpigaji, anautazama utepe, anatoa pumzi yote, anajiambia eneo analowinda, anaingia. Kipengele cha mwisho ndicho muhimu. Pumzi bila kazi ya kufanya baada yake ni pumzi tu.

Matokeo

Kwanza mambo yalikwenda kombo upande wa pili. Kwa karibu wiki mbili Musa aliacha kila kitu. Mipira iliyopita katikati kabisa, ambayo miezi miwili nyuma angeipeleka ukutani, aliitazama ikipita. Alikuwa ameelewa kwamba mwanafunzi mzuri ni yule asiyepiga. Tulirekebisha kwa mpango ambao makocha wengi huutumia: mwili useme “ndiyo” kwa kila mpira tangu unapotoka mkononi, hatua ianze, nyonga zianze, na “la” ije dakika ya mwisho ikiwa jicho limekataa. Ndiyo, ndiyo, la. Asiyejiandaa kupiga hawezi kuwahi mpira wa kasi hata akiutambua mapema. Tukaliweka hilo hata kwenye zoezi la kusimama bila kupiga: alipiga hatua kwa kila mpira, akazuia mikono tu.

Baada ya hapo mambo yakatulia. Katika nusu ya pili ya msimu idadi ya mara alizotolewa kwa straiki tatu ilishuka kwa zaidi ya nusu, na akapata besi za bure zaidi ya kumi. Akapandishwa hadi nafasi ya sita. Wastani wa msimu mzima ulibaki chini ya .250, kwa sababu shimo la mwanzo lilikuwa refu. Mtu anayesoma takwimu za shule tu ataona mpigaji wa kawaida.

Mechi ya mwisho, ya mtoano wa wilaya, tulikutana na mrushaji wa kilomita 140 kwa saa. Alimsoma Musa haraka: hapigi uchafu wa chini, basi apewe moto, yaani mpira wa kasi, wa juu, ndani, karibu na mikono. Musa alitolewa mara mbili kwa mpira huohuo, akapata besi bure mara moja. Tulifungwa, msimu ukaisha. Nyumbani, aliniambia baadaye, baba yake alisubiri sahani zitolewe, akauliza ameona nini. Musa akamchorea kwa kalamu nyuma ya bahasha mahali mipira ilipopita.

Uchambuzi

Kilichosaidia zaidi, kwa maoni yangu, kilikuwa mpangilio wa maamuzi. Tulinyamazisha sauti kwanza, tukaandika, ndipo tukachagua zoezi. Kama tungeanza na pumzi na utepe, Musa angekuwa na jambo la saba la kuhesabu kwa vidole. Watu wakisikia “maandalizi ya akili” wanafikiria maneno ya kumpa mtu moyo. Musa hakukosa moyo. Alikuwa anaogopa kitu kimoja mahususi, kutolewa akiwa amesimama, na hofu hiyo ilipungua alipopata uwezo wa kujua mpira unakwenda wapi. Ujasiri wake ulifuata jicho lake.

Daftari lilikuwa na faida ya pili ambayo hatukuipanga. Lilimpa kocha mkuu na baba kitu cha kuzungumzia ambacho si tabia ya kijana. Kabla yake mazungumzo yote yalikuwa juu ya kama Musa anajituma, kama anaogopa, kama amefungwa. Baada yake yalikuwa juu ya mpira wa chini, nje.

Sasa shaka zangu. Aprili huku ni baridi, na mpira ukigonga gongo la chuma karibu na mikono katika baridi unauma hadi mifupani. Mei joto linaingia na wapigaji wote wanapanda. Wenzake Musa nao walipanda bila daftari wala utepe. Pia katika nusu ya pili tulicheza na baadhi ya timu zilezile, akiwa ameshawaona warushaji wake. Na mipira miwili iliyokwenda kwenye glavu mwanzoni ingeweza kwenda hatua tatu pembeni. Kupungua kwa mara alizotolewa na kuongezeka kwa besi za bure ndiko ninakokuamini zaidi, maana hayo hayategemei sana joto wala mahali wapinzani waliposimama. Kuhusu wastani wake wa nusu ya pili, sitaapa.

Yaliyofeli ni kadhaa. Utaratibu wa kutoka nje ya boksi uligongana na kanuni: besiboli ya sekondari ya Marekani inamtaka mpigaji abakize walau mguu mmoja ndani ya boksi, isipokuwa katika hali chache kama vile akiwa amezungusha gongo. Mwamuzi mmoja alimwonya, na kwa zamu nzima Musa akapotea, kwa kuwa utaratibu ulikuwa umegeuka hirizi. Tuliufupisha: mguu mmoja ndani, jicho kwenye utepe, pumzi moja. Unaotegemea hatua tano utavunjwa na mwamuzi mwenye haraka.

Kipimo cha mipira sita nacho kiliharibika. Kijana mwerevu akipewa alama kwa kuona mipira sita ataiona mipira sita, hata kama wa pili ulikuwa wa kuupeleka mbali. Nadhani kilichangia zile wiki mbili za kuganda. Tulikifuta, tukabakiza vingine vitatu.

Tulimwomba pia aandike mawazo yake kila usiku. Aliandika sentensi safi alizodhani tunataka kuzisoma. Tuliacha baada ya muda mfupi.

Na yapo maneno ya kocha mkuu. Yangeweza kurekebishwa wiki ileile kwa dakika mbili za mazungumzo. Yalirekebishwa mwezi Mei, pale Musa alipoacha mpira wa kupinda akiwa na straiki mbili, ukaitwa boli ya nne, na kocha akapiga makofi kutoka besi ya tatu. Hakuomba radhi wala hakueleza. Musa alielewa, lakini ni kijana mwenye subira. Mwingine angekuwa amerudi kwenye soka.

Mpango wa majira ya baridi

Sasa mikono inaguswa. Mwalimu binafsi amerudi, kwa bei waliyoafikiana na baba, na amepewa kazi moja: mpira wa juu, ndani. Miguu ya Musa ameikuta ilivyo na ameiacha. Kwenye ukumbi wa shule mashine imewekwa mita 13 kutoka kwake na kasi ni kilomita 108 kwa saa, kwa hiyo muda wa mpira kumfikia unakaribiana na ule wa kilomita 140 kutoka umbali kamili. Anajifunza kuleta mikono kwa njia fupi, kiwiko karibu na mwili, na kukutana na mpira mbele ya bamba. Humohumo tunamchanganyia mipira ya chini, nje, kama mmoja katika kila mitatu, asije akasahau kuiacha.